Mbio Zilizohesabiwa: Mhadhara kuhusu Tom and Jerry

Jioni hii nitazungumza juu ya paka anayemfukuza panya. Wapo watakaosema hiyo ni mada ya watoto, na ni kweli kwamba wengi wetu tulimjua Tom na kumjua Jerry tukiwa bado hatujui kusoma. Lakini nimezitazama filamu hizi kwa miaka mingi, kwanza kwa kucheka tu, baadaye kwa kuzisimamisha na kuzirudisha nyuma, na nimefikia imani moja ninayotaka kuitetea mbele yenu. Kipigo chenyewe kina sehemu ndogo sana katika kicheko chetu. Sehemu kubwa imo katika ule muda unaokitangulia, pale paka ameshajua kitakachomfika lakini bado hakijamfika. Na muda huo haukujitokea wenyewe. Ulipimwa na watu waliokaa mezani wakihesabu vipande vya sekunde.

Filamu ya kwanza ilitoka Februari 1940, ikiitwa Puss Gets the Boot. Paka ndani yake aliitwa Jasper, na panya hakutajwa jina. Ilitengenezwa katika studio ya MGM huko Culver City, California, na vijana wawili ambao hawakuwa na cheo kikubwa: William Hanna, mzaliwa wa New Mexico, na Joseph Barbera wa New York. Wakubwa hawakutarajia makubwa. Paka na panya walikuwa wamekwisha kutumika katika katuni nyingi, na Fred Quimby, msimamizi wa idara ya katuni, hakuona sababu ya kuwarudia. Watazamaji waliona vingine. Filamu ikapendwa, ikateuliwa kugombea Oscar, wenye majumba ya sinema wakauliza ijayo itatoka lini, na wawili wale wakaruhusiwa kuendelea. Yakaitishwa mashindano ya majina ndani ya studio. Mchoraji mmoja, John Carr, akapendekeza Tom and Jerry, akapewa dola 50. Kuanzia 1940 hadi 1958 Hanna na Barbera waliongoza filamu 114 za paka yule na panya yule, na saba kati yake zilishinda Oscar.

Kwa nini wawili hawa waliweza kufanya hivyo kwa karibu miaka 20 bila kuchosha? Jibu limo katika namna walivyogawana kazi. Barbera alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Kabla ya kuingia kwenye katuni alikuwa karani wa benki New York aliyeuza michoro ya vichekesho kwa magazeti, na alipokaa na karatasi aliweza kuchora kisa kizima, mkao kwa mkao, na kila mkao ukiwa na uso unaosema kitu. Hanna hakujihesabu kuwa mchoraji hodari. Alichokuwa nacho ni sikio. Alipenda muziki, alitunga nyimbo, na alijua kuhesabu mapigo. Barbera akitoa kisa na picha, Hanna alikaa na karatasi za mistari zinazofanana na karatasi za nota na kuamua kila tendo litachukua muda gani.

Hapa niwaombe tusimame kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Filamu ya sinema hupita mbele ya macho kwa fremu 24 kila sekunde. Filamu ya dakika saba ina zaidi ya fremu 10,000. Hata kila mchoro ukiachwa ukae fremu mbili, bado ni michoro zaidi ya 5,000 kwa mhusika anayejongea muda wote, na hapa wahusika ni wawili, mara nyingine watatu. Kila mchoro ulichorwa kwa penseli, ukanakiliwa kwa wino juu ya seluloidi angavu, ukapakwa rangi kwa nyuma, ukawekwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa rangi za maji, ukapigwa picha. Anayefanya kazi ya namna hiyo hawezi kusema, ngoja tuone itakavyokuwa. Lazima aamue kabla penseli haijagusa karatasi: Tom atafika ukingoni, atasimama hewani fremu kadhaa, atatazama chini, atatutazama sisi, kisha ataanguka. Akikaa hewani muda mfupi mno, hatuna nafasi ya kumwonea huruma. Akikaa mno, tumeshaanguka kabla yake na kicheko kimekufa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Quiet Please!, iliyoshinda Oscar ya mwaka 1945. Mbwa Spike anataka kulala. Mbio za paka na panya zinamwamsha, naye anamwambia Tom waziwazi kwamba akisikia tena kelele yoyote atamrarua. Tazameni jinsi kisa kizima kilivyogeuka kwa sharti hilo moja. Hadi hapo Tom alikuwa mfukuzaji. Sasa amekuwa mlinzi wa usingizi wa mtu mwingine. Jerry hahitaji tena kukimbia. Inamtosha kuangusha kitu. Anaanza kudondosha balbu za umeme, moja baada ya nyingine, na Tom anazidaka: kwa mkono huu, kwa mkono ule, kwa miguu, mpaka hana kiungo kilichobaki huru. Amefaulu. Hakuna balbu iliyovunjika. Ndipo Jerry anauchukua mkia wa Tom na kuuchomeka kwenye tundu la umeme, na balbu zote zinawaka.

Balbu zile zinaanguka kwa mwendo ambao Hanna ameupanga kama mpiga ngoma. Kila moja inampa Tom muda mchache kuliko iliyotangulia. Tunahesabu pamoja naye bila kujua kwamba tunahesabu. Inapofika ya mwisho, na Tom ameidaka, Hanna anatupa pumziko, tunashusha pumzi, na papo hapo ndipo mkia unapochukuliwa. Kicheko kinatoka kwenye ile pumzi tuliyoishusha. Mkia ungechomekwa wakati balbu bado zinaanguka, tungeona fujo tu.

Mtu wa tatu katika kazi hii hatajwi sana, nami naona ni dhuluma. Scott Bradley, mzaliwa wa Arkansas, ndiye aliyetunga muziki wa karibu filamu zote za Hanna na Barbera katika mfululizo huu. Kwa kuwa Tom na Jerry husema kwa nadra sana, muziki ndio uliokuwa mdomo wao. Bradley hakuridhika kubandika nyimbo maarufu chini ya picha. Alipewa zile karatasi za mapigo, akajua kwamba katika fremu fulani mguu utagusa sakafu na katika fremu fulani mlango utafungwa, akaandika muziki wa okestra unaokutana na kila kimoja bila kukatika. Jaribuni siku moja kuzisikiliza filamu hizi mkiwa mmefumba macho. Mtajua nani anakimbia, nani amejificha, na nani amegundua kwamba aliyemshika mkia ni mbwa. Mwaka 1944, katika Puttin' on the Dog, Bradley alitumia hata mbinu ya sauti 12 ya Arnold Schoenberg, muziki ambao hadhira nyingi za matamasha zilikuwa zikiukwepa. Watu wale wale waliousikia katika katuni waliucheka na kuufurahia, kwa sababu ulikuwa umepewa mwili wa kutembea nao.

Kilele cha ushirikiano huo ni The Cat Concerto. Tom anaingia jukwaani amevaa koti la mkia, ameinua kidevu, anaketi mbele ya piano kubwa na kuanza Rapsodi ya Kihungari namba 2 ya Franz Liszt. Ndani ya piano, juu ya nyundo ndogo zinazopiga nyuzi, Jerry amelala. Nyundo zinapoinuka zinamrusha. Kuanzia hapo kuna vita, lakini ni vita chini ya sharti kali kuliko lile la Spike: muziki usikatike. Hadhira ipo, heshima ya Tom ipo hatarini, na hawezi kuinuka kitini kumkamata adui. Jerry anamfungia kifuniko kwenye vidole. Jerry anaweka mtego wa panya mahali pa funguo za piano, na kidole cha Tom, kikiwa katika safari yake ya haki kuelekea nota ya juu, kinanaswa. Tom analazimika kupiga kwa miguu huku mikono ikimtafuta panya. Wakati mmoja Jerry anachezacheza juu ya nyundo na Liszt anageuka kuwa wimbo wa kisasa wa Kimarekani, Tom akiwa hana la kufanya.

Liszt hakuchaguliwa kwa bahati. Rapsodi ile huanza polepole, kwa majivuno na huzuni, halafu ikaingia sehemu ya pili ambayo huongeza kasi, ikaongeza tena, ikasimama kana kwamba imekwisha, ikaanza upya. Muziki wenyewe ni mbio. Hanna na Barbera walichofanya ni kuuonyesha uso wa kile Liszt alichokwisha kuandika. Mwishoni Jerry ndiye anayepiga, amenyofoa nyundo mbili na anazitumia kama mafimbo juu ya nyuzi, na kila Tom akidhani umekwisha, unaanza tena, mpaka anaangukia juu ya piano, koti limechanika, nywele zimesimama. Taa inamwangukia Jerry. Yeye ndiye anayepokea makofi. Filamu hii ilipata Oscar ya mwaka 1946. Warner Bros. nao, wakati ule ule, walikuwa wametoa katuni ya Bugs Bunny akipiga rapsodi hiyo hiyo, na ugomvi wa nani alimwibia nani ulikuwa mkubwa. Kwangu mimi unavutia kidogo tu. Zitazameni zote mbili kwa mfululizo, na mtaona tofauti: Bugs anautumia muziki kwa mzaha, Tom anauogopa.

Sisi tuliolelewa kwa hadithi tunamjua mdogo anayemshinda mkubwa. Sungura wetu amemdanganya Fisi na Simba tangu enzi za bibi zetu, na Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walikwenda na hadithi za namna hiyo, ambazo huko zikaja kujulikana kwa jina la Brer Rabbit. Watu husema basi Jerry ni sungura mwingine. Sikubaliani nao kabisa. Sungura hushinda kwa mdomo. Humshawishi Fisi, humsifia Simba, humwambia Tembo kwamba kuna mwingine mwenye nguvu kumpita. Mnyang'anye Sungura maneno na hadithi inakwisha. Jerry hana maneno. Silaha yake ni kujua lini. Anajua mlango utafunguka lini, anajua ni lini Tom ameegemea upande usiofaa, na anafika nusu sekunde kabla. Ndiyo maana filamu hizi zilipofika katika televisheni za kwetu, mtoto wa Tanga na mtoto wa Kisumu hawakuhitaji mkalimani wala kujua Kiingereza. Walikaa sakafuni na kucheka pale pale alipocheka mtoto wa Chicago.

Najua wazazi waliomo humu wanangoja swali la vurugu, na nisingependa kulikwepa. Katika filamu hizi watu hupigwa kwa kikaango, kwa pasi, kwa nyundo, na baruti hulipuka. The Yankee Doodle Mouse ya 1943 ni vita kamili vya ghala la chini ya nyumba, mayai yakiwa mabomu, na ilitoka wakati dunia yenyewe ilikuwa vitani. Kinachoizuia vurugu hii isiwe ukatili ni sheria moja ambayo watengenezaji waliilinda: jeraha halivuki kwenda picha inayofuata. Tom akibanwa na pasi akawa bapa, baada ya sekunde mbili ni mzima. Na mara nyingi kinachompiga ni kile alichokitega mwenyewe. Katika Mouse Trouble ya 1944 amenunua kitabu cha kumfundisha kukamata panya, anakifuata ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa unamgeukia.

Kuna wakati waliivunja sheria hiyo, na matokeo yake yanatufundisha ilivyokuwa muhimu. The Two Mouseketeers, filamu ya mapanga na kofia za manyoya inayotendeka Ufaransa, inamalizika kwa Tom kukatwa kichwa. Hatuoni, tunaona panya wawili wakitembea na chakula, kisu kinashuka mbali nyuma yao, nao wanameza mate. Ilishinda Oscar, nami nakiri ni filamu nzuri mno kwa michoro. Lakini kila ninapoitazama na watoto, chumba hunyamaza. Wanangoja Tom arudi, na filamu imekwisha. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi ni huu: mtoto mdogo sana, ambaye bado hajajua kwamba mchoro haufi, akae na mtu mzima pembeni. Aliyekwisha kujua hilo, mwacheni acheke.

Lipo doa zito zaidi, na kwetu sisi Waafrika haifai kulipita kimyakimya. Katika filamu nyingi za kwanza kuna mwanamke mweusi mtumishi, tunayemwona miguu na aproni tu, soksi zikiteremka, na lafudhi iliyotiwa chumvi. Uso wake umefichwa kwetu karibu wakati wote. Sauti ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji hodari wa redio, aliyefanya kazi iliyokuwapo kwa mtu wa rangi yake katika Hollywood ya siku zile. Na kila bomu likilipuka usoni, wachoraji walikuwa tayari kumgeuza Tom au Jerry kuwa kejeli ya uso mweusi wenye midomo minene. Wamarekani weusi walilipinga jambo hili tangu wakati ule. Mtumishi yule aliondoka mwaka 1952. Baadaye, kwa ajili ya televisheni, sehemu zake zilichorwa upya au kutiwa sauti nyingine, na matoleo ya siku hizi hutanguliwa na maelezo kwamba dhana zile zilikuwa kosa wakati ule na ni kosa sasa.

Mimi ninaunga mkono maelezo, na siungi mkono kufuta. Tukifuta, Lillian Randolph anapotea mara ya pili. Lakini nasema pia kwamba kejeli zile ni vichekesho vibovu hata kwa kipimo cha sanaa yenyewe. Hazina muda ndani yake. Bomu linalipuka, uso unageuka mweusi, basi. Hakuna kilichojengwa, hakuna kilichongojewa. Mtu aliyeweza kuzipanga balbu za Quiet Please! alikuwa hapo anachukua njia ya mkato, na njia hiyo ilipita juu ya migongo ya watu.

Mwaka 1957 MGM waliifunga idara. Walikuwa wamegundua kwamba kuzitoa tena filamu za zamani kuliwaingizia karibu fedha zile zile kama kutengeneza mpya, na televisheni ilikuwa imewachukua watazamaji. Hanna na Barbera wakaanzisha kampuni yao na kwenda huko huko kwenye televisheni, ambako bajeti ilikuwa ndogo sana kuliko ile waliyoizoea. Mnamkumbuka Yogi Bear na kola na tai yake? Kola ile ilikuwapo kwa sababu: kiwiliwili kiliweza kuachwa kimesimama huku kichwa peke yake kikichorwa kinasema. Michoro ikapungua na maneno yakaongezeka. Wahusika walioweza kuangua kicheko kwa kunyanyua nyusi sasa walilazimika kusimama na kuzungumza. Siwalaumu, waliajiri watu wengi na kuwafurahisha wengi, na The Flintstones ya 1960 ina werevu wake. Lakini kilichouzwa ili kupunguza gharama ni ule muda.

MGM walijaribu kumrudisha Tom bila waliomlea. Filamu 13 zilitengenezwa Prague chini ya Gene Deitch, zikatolewa 1961 na 1962, kwa fedha kidogo na wachoraji ambao hawakuwa wamelelewa katika mwendo ule. Paka ni yule yule kwa rangi, lakini anaanguka mapema au anachelewa kuanguka, na mwenye nyumba anayempiga anampiga kwa hasira ya kweli. Watoto huzitambua upesi bila kuambiwa. Kisha akaja Chuck Jones, aliyekuwa ameupa ulimwengu Coyote na Road Runner mwaka 1949, akaongoza au kusimamia filamu 34 hadi 1967. Jones alikuwa na muda wake mwenyewe, mrefu zaidi, wa jangwani: Coyote anaanguka kutoka jabali refu, tunamtazama akipungua, na baada ya kimya vumbi dogo linainuka chini kabisa. Alipomkabidhi Tom muda huo, Tom akawa anatafakari kuliko kukimbia. Ni filamu za kupendeza kwa macho. Mbio zake zimelala.

Oscar zile saba zilipokelewa na Fred Quimby, kwa kuwa tuzo ilikwenda kwa mtayarishaji. Hanna na Barbera walibaki vitini. Waliokuwa chini yao hawakutajwa kabisa: Kenneth Muse, Irven Spence, Ed Barge, Ray Patterson, na wanawake wa chumba cha wino na rangi, ambao majina yao hayakuandikwa hata kwenye filamu. Ninyi mnaofundisha uchoraji, wafundisheni vijana majina haya sambamba na ya Tom na Jerry. Spence mwangalieni katika mikao ya Tom akiwa amepata wazo baya, jinsi mwili wote unavyojikunja kuelekea wazo hilo. Muse mwangalieni katika nyuso zilizotulia. Majina yao, yale yaliyoandikwa, yanapita mwanzoni kwa sekunde chache kabla muziki wa Bradley haujachukua nafasi. Isimamisheni filamu hapo, myasome, ndipo mwiachie iendelee.